Karanga Zichambuliwe Kabla ya Kusagwa

Katika kliniki za mama na mtoto nchini Tanzania, ushauri wa kuongeza karanga kwenye chakula husikika mara kwa mara. Mtoto asiyeongezeka uzito hupendekezewa uji wenye karanga. Mama mjamzito huhimizwa kutia karanga kwenye mchicha. Mgonjwa anayejijenga upya baada ya maradhi ya muda mrefu huelezwa kwamba karanga zitamrudishia nguvu. Ushauri huu ni sahihi, na hakuna sababu ya kuuondoa. Kasoro yake ni kwamba huishia njiani. Anayeshauriwa huambiwa atie karanga. Ni nadra kuambiwa ni karanga zipi, na ni nadra zaidi kuambiwa azifanyie nini kabla hazijaingia kwenye kinu.

Hoja ya makala haya ni kwamba ushauri wa kula karanga haujakamilika mpaka uambatane na ushauri wa kuzichambua, na kwamba kuchambua huko lazima kufanyike kabla ya kusaga. Mhudumu wa afya anayetaja jambo la kwanza na kuliacha la pili humpeleka mgonjwa sokoni akiwa na nusu ya maarifa anayoyahitaji.

Kwanza, haki ya karanga yenyewe itajwe. Gramu 100 za karanga kavu zina protini gramu 25 hivi, mafuta gramu 49 hivi, na nishati inayozidi kilokalori 560. Kiganja kimoja cha gramu 30 humpatia mlaji kilokalori 170 hivi na protini gramu 7 au zaidi. Kwa mtoto mwenye tumbo dogo, asiyeweza kunywa uji mwingi kwa mara moja, chakula chenye nishati nyingi katika ujazo mdogo ni msaada mkubwa. Mafuta ya karanga pia huusaidia mwili kufyonza viini vya vitamini A vilivyomo katika mboga za majani. Kwa sababu hiyo, mchicha wa karanga, kisamvu cha karanga na mlenda uliotiwa karanga ni mapishi yenye hekima ya kilishe iliyotangulia maabara. Hata chakula dawa kinachotumiwa duniani kote kutibu utapiamlo mkali kilibuniwa kwa msingi huo: katika miaka ya 1990 daktari Mfaransa André Briend alichanganya karanga zilizosagwa na maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini, akapata chakula kisichohitaji kupikwa wala kuongezwa maji.

Karanga zina nafasi pia katika uokaji. Karanga zilizokaangwa na kusagwa huingia kwenye keki, biskuti na mikate, na huongeza protini katika vyakula ambavyo kwa kawaida ni wanga na sukari tu. Kwa kuwa karanga hazina ule utomvu wa ngano unaoufanya mkate uumuke, mwokaji huweza kubadilisha sehemu ndogo tu ya unga wa ngano, kama robo hivi, na kupunguza siagi au mafuta kwa kuwa karanga huja na mafuta yake. Ni vyema tu ikumbukwe kwamba karanga hazichukui nafasi ya maharage. Protini ya mahindi ina upungufu wa lisini, na karanga nazo hazina lisini nyingi. Kunde na maharage ndiyo huziba pengo hilo.

Hatari iliyomo ndani ya karanga ni sumukuvu. Sumu hii hutengenezwa na aina za kuvu, hasa Aspergillus flavus na Aspergillus parasiticus, ambazo huishi udongoni na kuishambulia karanga ikiwa bado ardhini, hasa ukame unapotokea wakati punje zinakomaa. Kuvu huendelea kukua baada ya mavuno ikiwa karanga hazikukaushwa vizuri au zimehifadhiwa penye unyevu. Dunia iliijua sumu hii kupitia karanga zenyewe. Mwaka 1960 nchini Uingereza zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa kwa ugonjwa wa ini ambao haukueleweka. Uchunguzi ulifuatilia chanzo hadi kwenye mashudu ya karanga yaliyoagizwa kutoka Brazil, na kutoka kwenye mashudu hayo wanasayansi wakaitenga sumu yenyewe.

Wapishi wengi huamini kwamba moto humaliza kila kitu. Kwa vijidudu vingi imani hiyo ni ya kweli. Kwa sumukuvu si ya kweli. Sumukuvu si kiumbe hai kinachokufa kikichemshwa. Ni kemikali, na huanza kuvunjika sawasawa katika joto linalozidi nyuzi 200 za selsiasi. Mchicha unaotokota sufuriani haupiti nyuzi 100 au zaidi kidogo. Uji nao ni hivyo hivyo. Hata keki iliyo katika tanuri la nyuzi 180 haipati joto hilo ndani yake, kwa kuwa maji yaliyomo kwenye kinyunga huizuia sehemu ya ndani isipite sana nyuzi 100 mpaka inapoiva. Kukaanga karanga kavu kwenye kikaango hupunguza sumu kwa kiasi fulani, lakini hakuimalizi. Wahenga walinena kwamba mchele ni mmoja, mapishi ni mbalimbali. Kwa karanga zenye sumukuvu, mapishi huwa mbalimbali na sumu hubaki ileile.

Tabia ya pili ya sumu hii ndiyo inayobeba hoja yote. Sumukuvu haisambai sawasawa ndani ya gunia. Punje nyingi huwa salama kabisa, na chache huwa zimejaa sumu. Vipimo vya maabara vimewahi kukuta punje moja moja za karanga zenye sumukuvu kwa kiwango kinachofikia mikrogramu 1,000,000 kwa kilo. Hesabu yake ni rahisi. Punje ya nusu gramu yenye kiwango hicho hubeba mikrogramu 500 za sumu. Ikisagwa pamoja na karanga safi za kilo moja, kilo nzima huwa na mikrogramu 500, ilhali kiwango cha juu kinachoruhusiwa na viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za jumla ya sumukuvu kwa kilo. Punje moja imeifanya kilo nzima ipite kiwango mara 50. Punje ya namna hiyo si ya kila siku, lakini hata iliyo na sehemu ya kumi ya sumu hiyo hutosha kuifanya kilo isifae kuliwa.

Hesabu hiyo ina upande wake wa heri. Ikiwa sumu imejikusanya katika punje chache, basi mkono unaoziondoa punje hizo kabla ya kusaga huondoa sehemu kubwa ya sumu yote. Ni hatari chache sana za chakula zinazoweza kupunguzwa kiasi hicho kwa ungo, mwanga wa jua na dakika chache za utulivu. Baada ya kusaga, fursa hiyo imekwisha. Hakuna jicho wala ulimi unaoweza kuitofautisha karanga safi na karanga yenye sumu zikishakuwa unga mmoja.

Hapo ndipo soko linapoingia. Karanga nzuri, nene na zenye rangi moja huuzwa zikiwa nzima, kwa kuwa uzuri wake ndio bei yake. Zilizosinyaa, zilizopasuka na zilizobadilika rangi hazina mnunuzi zikiwa nzima, na njia nyepesi ya kuziuza ni kuzisaga. Si kila msagaji hufanya hivyo, na wako wafanyabiashara waaminifu wanaochambua kwa bidii. Hata hivyo, mnunuzi wa karanga zilizokwisha kusagwa hana njia ya kumtambua mwaminifu na asiye mwaminifu. Anayevutwa zaidi na vifuko hivyo vya bei nafuu ni yule aliyetoka kliniki na ushauri wa kumwongezea mtoto karanga, mwenye fedha kidogo na muda kidogo. Ushauri mwema huweza hivyo kumfikisha mtoto dhaifu kwenye karanga dhaifu kuliko zote.

Madhara yake yanajulikana. Kwa kiwango kikubwa, sumukuvu huua ini kwa siku au wiki chache: macho na ngozi huwa ya manjano, tumbo huuma na kujaa maji, mgonjwa hutapika na hatimaye kupoteza fahamu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua na 125 walifariki. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania ilikumbwa na mlipuko kama huo, na watu wapatao 20 walipoteza maisha. Katika matukio yote mawili chanzo kilikuwa mahindi, na ni haki jambo hilo lisemwe wazi. Mahindi huliwa kwa wingi kila siku, na kwa sababu hiyo ndiyo mlango mkubwa zaidi wa sumukuvu katika nyumba nyingi. Lakini uji wa mtoto mara nyingi huwa na mahindi na karanga katika kikombe kimoja, na ini la mtoto hupokea jumla ya vyote viwili.

Kwa kiwango kidogo cha kila siku, sumu hufanya kazi kimyakimya. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka sumukuvu katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Hatari hiyo huongezeka sana kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B: kamati ya wataalamu ya FAO na WHO ilikadiria kwamba uwezo wa sumukuvu kusababisha saratani ya ini kwa mtu huyo ni karibu mara 30 ya ule wa mtu asiye na virusi. Watoto wa leo wa Tanzania huchanjwa dhidi ya virusi hivyo, lakini wazazi wao wengi walizaliwa kabla chanjo hiyo haijaingia katika ratiba ya watoto. Kwa mgonjwa wa homa ya ini aina ya B, kwa hiyo, swali kuhusu karanga anazokula ni sehemu ya matibabu kama lilivyo swali kuhusu pombe.

Kwa watoto, utafiti uliofanyika Benin na Togo na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba waliokuwa na sumukuvu nyingi zaidi katika damu walikuwa wafupi na wepesi zaidi kuliko wenzao. Mjadala wa kisayansi kuhusu ukubwa wa mchango wa sumu hii katika udumavu bado unaendelea, na udumavu una sababu nyingi. Hata hivyo, katika nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, si busara kuipuuza sababu inayoweza kupunguzwa kwa ungo. Mama anayenyonyesha naye ahesabiwe, kwa kuwa sehemu ya sumu aliyokula hupita katika maziwa yake.

Yapo mapingamizi matatu ambayo husemwa, na kila moja linastahili kujibiwa kwa heshima. La kwanza ni kwamba kutaja sumu kutawatisha akina mama waache karanga kabisa. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana namna ya kusema ni muhimu. Mama hatakiwi kuondoka na neno “sumu” peke yake. Anatakiwa kuondoka na kazi ya mikono anayoiweza. Akina mama wa Tanzania huchambua mchele na maharage kila siku ili kuondoa mawe, wala hawajaacha kula wali kwa kuogopa mawe.

Pingamizi la pili ni umaskini: nani atatupa chakula alichokinunua? Jibu ni kwamba kinachotupwa katika kilo iliyonunuliwa kwa makini ni kiasi kidogo, na karanga nzima zilizochambuliwa nyumbani humpa mnunuzi uhakika ambao kifuko cha bei rahisi hakimpi. Zilizotengwa zisipewe kuku wala mbuzi, kwa kuwa bata mzinga wa mwaka 1960 walikwisha kufundisha somo hilo kwa maisha yao. Zifukiwe.

Pingamizi la tatu ni kwamba mababu walizila bila kudhurika. Mababu hawakuwa na kipimo cha damu wala cha ini, na waliokufa kwa uvimbe wa tumbo na umanjano walizikwa bila jina la ugonjwa. Zaidi ya hayo, mababu wengi walisaga karanga walizozilima na kuzibangua wenyewe. Kununua karanga iliyokwisha kusagwa na mtu asiyejulikana ni desturi mpya.

Ushauri kamili, basi, ni upi? Unatosha kusemwa kwa muda wa dakika mbili, na unaweza kuonyeshwa kwa konzi moja ya karanga juu ya meza ya kliniki.

Mnunuzi apendelee karanga zenye maganda, au karanga nzima zilizobanguliwa zikiwa kavu. Asikubali zilizoloweshwa ili kurahisisha kubangua, kwa kuwa maji hayo ndiyo kuvu inayoyangoja. Akifika nyumbani, azimwage kwenye ungo au sinia jeupe penye mwanga, aondoe kila punje iliyosinyaa, iliyopasuka, iliyotobolewa na wadudu, iliyochipua, iliyobadilika rangi au yenye ukungu. Azikaange kidogo, azifikiche ngozi nyekundu, azipepete, kisha azichambue mara ya pili. Hatua hii ya pili husahauliwa na wengi, lakini ni muhimu: punje iliyoharibika huonekana wazi zaidi ikishavuliwa ngozi, ikiwa na weusi au njano isiyofanana na wenzake. Baada ya hapo ndipo asage, kwa kiasi cha siku chache tu, na ahifadhi katika chombo kikavu chenye mfuniko. Anayeuma karanga ikawa chungu aiteme. Asiimeze kwa aibu. Kuchambua hakuondoi sumu yote, kwa kuwa baadhi ya punje zenye sumu huonekana nzuri, lakini hupunguza sehemu iliyo kubwa, na hakuna njia nyingine ya jikoni inayoikaribia.

Kuhusu unga wa lishe, desturi ya kusaga mahindi, ulezi, mchele, soya na karanga kwa pamoja inafaa kuachwa. Karanga zikitiwa kwenye unga huo, mafuta yake huuharibu upesi, na mama hawezi tena kuzikagua. Ni bora unga wa nafaka ukae peke yake, na karanga zilizochambuliwa zisagwe kando na kutiwa kwenye uji wakati wa kupika. Mtoto aliye chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima, kwa kuwa huweza kumkaba. Zilizosagwa laini ndizo zimfaazo.

Kilichosagwa hufichika pia kwa mtu mwenye mzio wa karanga. Kwa mtu huyo, kijiko cha unga wa karanga ndani ya biskuti huweza kuvimbisha koo na kufunga pumzi kwa dakika chache. Mwokaji anayeuza au kugawa keki, biskuti au mkate wenye karanga ana wajibu wa kulisema hilo kabla mgeni hajaonja, na kuliandika kwenye kifungashio.

Mzigo huu haupaswi kubebwa na mama peke yake. Mkulima anayekausha karanga zake juu ya turubai badala ya udongo, mfanyabiashara anayekataa kulowesha, mwenye mashine anayekataa kusaga kilichooza, na wakaguzi wa viwango wanaopima vifuko vya sokoni, wote wana sehemu yao. Serikali imekwisha kuanza kazi hiyo kupitia maghala na elimu kwa wakulima. Lakini maghala hujengwa kwa miaka, na uji wa mtoto hupikwa leo asubuhi.

Kwa hiyo, kila mhudumu wa afya anayefungua kinywa kusema “mwongezee mtoto karanga” aongeze maneno machache: “zinunue nzima, zichambue mara mbili, ndipo usage.” Vituo vya afya viweke ungo na konzi ya karanga mbovu na nzuri mahali pa maonyesho ya mapishi, pamoja na sufuria na vikombe vilivyokwisha kuwapo. Na mgonjwa asiyeelezwa haya asione haya kuuliza. Karanga ni chakula chema, na ni haki ya mlaji kuiona vizuri kabla haijawa unga.